Senta Fowadi wa Pauni 20,000



Juma lililopita niliahidi kuwaandikia habari za kutunza risiti za ada ya shule. Naomba mniwie radhi, risiti zitangoja. Limetokea shauri jingine, nalo lina haraka kwa sababu lina fedha ndani yake na ufunguo wake umo katika mfuko wangu.

Jumapili, baada ya Misa ya pili, nilikuwa nafunga daftari la zaka nikasikia ghasia barazani. Kutazama, naona vijana wa timu yetu ya mpira, kumi na wawili au zaidi, na Mzee mwenyekiti amekalia benchi, mikono miwili juu ya fimbo. Shauri lao ni hili. Katika kisanduku cha timu mna shilingi 850,000, walizozipata kwa kupalilia mashamba ya watu na kuchoma matofali. Sasa wataka kutoa 600,000 wamlete kijana mmoja wa mjini, mfungaji hodari, awachezee miezi mitatu mpaka Kombe la Kata liishe. Tena alishwe, tena alazwe. Kisanduku kile kina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao Mzee, wa pili ninao mimi.

Mzee akaniuliza, "Karani, wewe uliyesoma chuo cha ualimu, bei hii ni ya haki?"

Nikanyamaza. Chuoni tulifundishwa kufundisha hesabu za mikate na maziwa. Hesabu ya bao moja hakuna aliyetufundisha. Nikawaambia, nipeni juma moja. Na kwa kuwa najua timu yetu si ya kwanza kukaa barazani na shauri kama hili, nawaandikia na ninyi wasomaji yale niliyoyakumbuka juma zima.

Huko Uingereza, katika mji wa Nottingham, kuna klabu iitwayo Notts County. Ilianzishwa mwaka wa 1862, nayo husemwa kuwa ndiyo kongwe kuliko klabu zote za mpira wa kulipwa duniani. Lakini ukongwe haufungi mabao. Mwaka wa 1947, vita vikiwa vimekwisha miaka miwili tu, klabu hiyo ilikuwa katika Daraja la Tatu, upande wa Kusini, nayo haikuwa na jina kubwa hata humo. Basi mwezi wa Novemba mwaka huo ikafanya jambo lililowashangaza watu wote. Ikamnunua Tommy Lawton kutoka Chelsea.

Lawton alikuwa nani? Alikuwa senta fowadi wa timu ya taifa ya Uingereza, umri wake miaka 28. Alipokuwa kijana wa miaka 19 tu aliongoza wafungaji wote wa Daraja la Kwanza, na Everton, klabu yake ya wakati ule, ikawa bingwa wa mwaka wa 1939. Waliomwona husema kazi yake kubwa ilikuwa ya kichwa: alipanda juu, akakaa huko kama mtu aliyesahau kushuka, kisha mpira ukaingia wavuni. Mtu wa namna hiyo kwenda Daraja la Tatu ni kama mwalimu mkuu kuomba kufundisha darasa la watoto wanaojifunza kushika kalamu. Alikubali kwa sababu hakuelewana na wakubwa wake huko Chelsea, na kwa sababu meneja wa Notts County, Arthur Stollery, alikuwa rafiki yake, aliyekuwa zamani mkandaji wa wachezaji huko huko Chelsea. Tena aliahidiwa kwamba siku atakapotundika viatu atapewa kazi nyingine nje ya mpira. Ahadi hiyo msiisahau, tutarudi kwake.

Bei yake iliyotangazwa ilikuwa pauni 20,000, na mchezaji mmoja wa Notts County akaenda Chelsea katika mapatano hayo. Katika Uingereza yote hapakuwa pamewahi kutolewa bei kubwa namna hiyo kwa mchezaji mmoja. Na aliyeitoa si tajiri wa Daraja la Kwanza, ni klabu ya Daraja la Tatu! Hapakosekani waliosema kwamba wazee wa Nottingham wamerukwa na akili.

Sasa tufungue daftari. Pauni moja ya siku zile ilikuwa shilingi ishirini, kama ile waliyoitumia wazee wetu. Basi pauni 20,000 ni shilingi 400,000 za wakati ule. Je, fedha hizi zitarudi kwa njia gani? Kwa mlango. Katika Daraja lile zilikuwamo timu 22, kila moja ikicheza nyumbani mara 21 kwa mwaka. Chukua mfano tu, ili tupate kuhesabu: sema kiingilio ni shilingi moja, na sema kila mchezo wa nyumbani wamezidi watu 15,000 waliokuja kwa ajili ya Lawton. Hao ni shilingi 315,000 kwa mwaka mmoja. Toa kodi ya serikali, toa sehemu ya timu ngeni, toa mshahara. Haya, kata nusu nzima. Zabaki 157,500. Miaka miwili na nusu, na deni limekwisha.

Na watu walikuja kweli. Uwanja uliokuwa umezoea maelfu machache ulijaa watu zaidi ya 30,000. Hata ugenini watu walifurika, kwani mtu wa mji mdogo atamwona wapi tena senta fowadi wa taifa, ila siku Notts County ijapo kucheza kwao? Maana taifa halikumwacha mara moja. Akiwa Daraja la Tatu aliitwa mara nne zaidi kuichezea Uingereza, mpaka mwaka wa 1948.

Kwa hiyo vijana wetu watasema, "Umeona, karani? Ununuzi ulikuwa mzuri!" Subirini kidogo. Someni ukurasa wa pili.

Msimu wa 1948-49 Notts County ilifunga mabao 102 katika ligi. Mia moja na mawili! Siku moja ya Januari 1949 iliifunga Newport County mabao 11 kwa 1. Mtu akisikia hivyo atadhani walichukua ubingwa kwa mbio. La, hasha. Walimaliza wa 11. Watu kumi waliwatangulia. Imekuwaje? Imekuwa hivi: siku zile kushinda kulileta pointi mbili, uwe umefunga bao moja au kumi na moja. Ukimfunga mwenzako kumi na moja Jumamosi hii, huwezi kuyaweka mabao manane ghalani uyatumie Jumamosi ijayo. Timu ile ilijua kusherehekea siku nzuri, haikujua kushinda siku mbaya. Nami naona hapo ndipo watu wengi wanaponunua mfungaji hujidanganya: hutazama jumla ya mabao mwisho wa mwaka, hawaulizi yaliingia lini na dhidi ya nani.

Mwaka uliofuata, chini ya meneja mwingine, Eric Houghton, timu ilitulia. Lawton alifunga mabao 31 ya ligi, Notts County ikawa bingwa wa Daraja la Tatu Kusini mwaka wa 1950, ikapanda. Katika mwezi wa Aprili waliwafunga majirani zao Nottingham Forest 2 kwa 0, watu zaidi ya 40,000 wakitazama. Mji ule una klabu mbili, na mto mmoja kati yao. Ninyi mnaokaa vijiji viwili vyenye kisima kimoja hamhitaji kuelezwa zaidi.

Mwezi wa Machi 1952 klabu ilimwuza Lawton kwa Brentford kwa pauni 16,000. Alikuwa na miaka 32. Basi hesabuni: walinunua kwa 20,000, wakatumia miaka minne na miezi minne, wakauza kwa 16,000. Ni nani kati yetu aliyewahi kununua baiskeli, akaipanda miaka minne, akaiuza kwa hasara ya sehemu moja tu ya tano?

Lakini faida kubwa kuliko zote haikuandikwa penye jina lake. Kando ya Lawton alicheza kijana mmoja, Jackie Sewell. Huyu kila siku alikimbia karibu na bwana mkubwa, akajifunza mahali pa kusimama na wakati wa kuondoka. Mwaka wa 1951 Sheffield Wednesday walimnunua kwa pauni 34,500, na sasa bei hiyo nayo ikawa ndiyo kubwa kuliko zote Uingereza. Kwa hiyo klabu ile ndogo ilinunua kwa bei ya juu kabisa, na baada ya miaka mitatu na nusu ikauza mwanafunzi wa yule iliyemnunua kwa bei ya juu zaidi. Sewell huyu, katika uzee wake wa mpira, alikuja Afrika, akacheza Lusaka, hata akaichezea timu ya taifa ya Zambia.

Nimeeleza upande mzuri. Ili nisimdanganye mtu, nitaje na upande wa pili, wa siku zetu hizi. Klabu ya Sunderland, nayo ya Uingereza, klabu kubwa iliyokuwa imeanguka mpaka daraja la tatu, ilimpoteza mfungaji wake kijana, Josh Maja, mwezi wa Januari 2019, alikwenda Ufaransa. Pengo likawa wazi na siku za kununua wachezaji zinakwisha. Siku ya mwisho kabisa, saa za usiku, wakamchukua Will Grigg kutoka Wigan, kwa bei iliyosemwa kuwa pauni milioni 3 na zaidi. Bei ilikuwa ikipanda kwa saa, kama bei ya chumvi siku lori lisipofika. Grigg hakuwa mchezaji mbaya. Kabla ya hapo alifunga mengi katika daraja lile lile, hata mashabiki wakamtungia wimbo. Lakini kwa Sunderland mabao yake yote hayakufika kumi. Mwezi wa Mei mwaka ule walifungwa na Charlton katika mchezo wa mwisho wa kutafuta kupanda, wakakaa daraja la tatu mpaka mwaka wa 2022.

Tofauti ya ununuzi huu miwili ni nini? Wengine watasema bahati. Mimi nasema, tazama jinsi kila mmoja alivyonunuliwa. Notts County walimwendea mtu waliyemjua, kupitia mtu aliyemjua vizuri zaidi, nao walijua bao lake litageuka kuwa shilingi mlangoni. Sunderland walinunua kwa hofu ya kubaki mikono mitupu. Mwenye hofu hashindani bei; muuzaji humwona toka mbali akija.

Sasa turudi barazani petu.

Nimechukua daftari la timu, ambalo kwa heshima ya vijana sitalisoma lote. Msimu uliopita tulicheza michezo tisa, tukapoteza mitano. Katika mitano hiyo, minne tulifungwa katika dakika za mwisho. Si kwamba hatukufunga. Tulifunga, kisha tukachoka. Nami ninayekaa hapa ofisini dirisha likitazama uwanja, najua sababu. Jumanne na Alhamisi, siku za mazoezi, huja watu sita, wakati mwingine wanne, na mpira wenyewe una ugonjwa wa kupoteza pumzi. Senta fowadi wa mjini atafunga dakika ya ishirini. Je, dakika ya themanini na tano ni yeye atakayerudi nyuma kuziba?

Jambo la pili, nalo ndilo zito. Kilichomlipia Lawton ni mlango. Kwetu mlango uko wapi? Uwanja wetu una mwembe upande huu na barabara ya ng'ombe upande ule. Watu husimama bure, na ni vizuri wasimame bure, maana ni uwanja wa kijiji. Waje 200, waje 2,000, kisandukuni haliingii hata jani. Kwa hiyo zile 600,000 zikitoka hazina njia ya kurudi, isipokuwa tulitwae Kombe, na zawadi ya Kombe ni mbuzi wawili na jezi. Bei ya mbuzi mnaijua kuliko mimi.

Kuna njia moja tu ambayo kwayo mfungaji wa kigeni anaweza kutulipa, nayo ni ile ya Sewell. Kijana wa mjini akija akacheza Jumamosi tu, akala, akaondoka, tumenunua moshi. Lakini akija akakaa, akawafundisha wadogo wetu Jumanne na Alhamisi, mahali pa kusimama na wakati wa kuondoka, basi miezi mitatu ikiisha tutabaki na kitu ambacho hakipandi basi kurudi mjini. Kwa kazi hiyo ningekubali 300,000, zigawanywe mara tatu, kila mwisho wa mwezi, na katika zinazobaki inunuliwe mipira minne. Nimekwisha kuuliza bei dukani. Najua vijana watanuna. Mmoja wao tayari amesema karani ana mkono wa birika. Na aseme.

Nilisema tutarudi kwenye ile ahadi.

Pauni 20,000 zile, Lawton hakuzipokea yeye. Zilitoka klabu zikaenda klabu. Yeye, aliyekuwa ghali kuliko wote Uingereza, alifungwa na sheria ya mshahara: mwaka wa 1947 hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kupata zaidi ya pauni 12 kwa juma wakati wa ligi, na pauni 10 wakati wa kiangazi. Sheria hiyo ya kuweka kikomo haikuondolewa mpaka mwaka wa 1961, naye alikuwa amekwisha kuacha kucheza. Ile kazi nje ya mpira aliyoahidiwa hakuipata. Mwaka wa 1957 alirudi Notts County kuwa meneja. Timu ikashuka daraja, akaondolewa baada ya mwaka mmoja. Akajaribu kuuza vinywaji, akajaribu kazi nyingine, madeni yakamzonga, mpaka katika miaka ya 1970 akafikishwa mahakamani kwa kuchukua mali na fedha kwa udanganyifu. Everton, klabu yake ya ujana, walimfanyia mchezo wa kumchangia mwaka wa 1972. Baadaye alipata riziki kwa kuandika habari za mpira katika gazeti la Nottingham, akafariki mwaka wa 1996. Alikuwa amefunga mabao 22 katika michezo 23 ya taifa lake.

Nikisoma habari hiyo nafikiri: klabu ilipata faida, mji ulipata furaha, Sewell alipata elimu, watu elfu thelathini walipata Jumamosi zao. Daftari la klabu limesawazika. Daftari la mtu mwenyewe halikusawazika, na hakuna aliyelikagua.

Ndiyo maana, kabla sijatoa ufunguo, nataka mapatano yaandikwe. Akivunjika mguu siku ya kwanza, nani atampeleka hospitali, na kwa fedha ya nani? Akiugua malaria, siku zake zitahesabiwaje? Analala kwa nani, na mama wa nyumba ile atapewa nini kwa unga wake? Nimewauliza vijana mambo haya barazani, wakatazamana. Nikawauliza pia jina lake la pili ni nani, na nyumbani kwao ni wapi. Wakatazamana tena.

Nimeomba aje mwenyewe Jumapili hii, baada ya Misa ya pili, nauli nitatoa mimi. Tutamkalisha kwenye benchi karibu na Mzee. Maana juma zima tumebishana juu ya bei yake, na mpaka leo hakuna aliyempigia simu kumwuliza yeye anataka nini.